Mkazo Uliosalia Katika Shaba Iliyofuliwa

Lugha yetu yatenga kazi mbili za mafundi wa madini: kusubu, ndiyo kuyeyusha na kumimina katika kalibu, na kufua, ndiyo kupiga kwa nyundo juu ya fuawe. Tofauti hii si ya maneno tu. Kitu kilichofuliwa huweza kuweka ndani yake nguvu ambayo jicho haliioni, nayo ndiyo tutakayo kuieleza.

Shaba ipigwapo au ivutwapo ingali baridi, ngozi ya nje na nyama ya ndani hazinyooki sawasawa. Kama zingalikuwa mbalimbali, kila moja ingalishika urefu wake. Lakini kwa kuwa zimeshikamana, moja huvutwa na nyingine hubanwa, wala mashindano hayo hayaishi nyundo iwekwapo chini. Tumeyatafutia jina. “Mkazo” peke yake halitoshi, kwani hudhaniwa kuwa yuko mwenye kukaza, na hapa amekwisha kwenda zake. Basi twasema “mkazo uliosalia.” Atakaye kuushuhudia na achukue mwanzi wa shaba uliovutwa baridi, aupasue kwa msumeno kwa urefu wake: mara nyingi mpasuko utapanuka wenyewe.

Madhara yake yalionekana katika Bara Hindi zama za utawala wa Waingereza. Maganda ya risasi, ambayo wazee waliyaita viasi, hufanywa kwa shaba ya manjano, yaani sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, nayo huvutwa baridi. Wakati wa mvua yaliwekwa akiba katika mabanda ya farasi, kisha yakaonekana yana nyufa bila kupigwa wala kuangushwa. Mwaka 1921 Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza kwamba itendayo ni amonia. Na mkojo wa farasi, kama ajuavyo kila aliyeingia bandani, hutoa amonia nyingi. Lakini amonia peke yake haitoshi. Hupenya pale ambapo mkazo waivuta shaba; penye utulivu haipati mlango.

Dawa ni moto, ila kwa kiasi. Fundi akiipasha shaba hata ikawa nyekundu, mkazo huondoka, lakini na ugumu huondoka pamoja nao, na ganda laini halifai katika bunduki. Kumbe joto la digrii 250 hata 300 za sentigredi, kwa nusu saa au saa moja, hulegeza mkazo na kuuacha ugumu. Hapo ndipo penye ustadi wote.

Tena si kila mkazo ni adui. Springi za chuma cha pua hupigwa makusudi kwa chembe nyingi za chuma, ili ngozi yake ibaki imebanwa. Maana ufa haufunguki upesi mahali palipobanwa.

Na ganda lililopashwa moto hujaribiwa hivi: hutumbukizwa katika maji yenye chumvi ya zebaki. Lenye mkazo mwingi hupasuka. Lililotulizwa hutoka zima.