Msimpeleke kwa Nabii Mwingine

“Nimpeleke kwa nani amfungue?” Swali hili hunifikia kila mara. Huniuliza mama ambaye binti yake ameacha chuo akahamia kambini, na mume ambaye mkewe ametoa hati ya shamba kama sadaka. Wote wanaamini ndugu yao amelishwa au amefanyiwa kitu: maji ya maombi, mafuta, au kitambaa alichowekewa kichwani akiwa amefumba macho. Wanachotaka kwangu ni jina la mchungaji au shehe mwenye nguvu kumzidi huyo wa kwanza. Mimi ni mshauri nasaha, na nimelijibu swali hili kwa upole muda mrefu mno. Leo nalijibu bila upole: msimpeleke kwa yeyote.

Hakuna dawa aliyolishwa. Tuangalie Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Mmoja wa viongozi wa kundi la kidini lililoteketea huko alikuwa padri msomi, Dominic Kataribabo. Joseph Kibwetere naye alikuwa mtu wa heshima katika jamii yake, na Credonia Mwerinde alidai kutokewa na Bikira Maria. Waumini waliuza mali na kuwakabidhi fedha. Mume alitengwa na mkewe, watoto na wazazi wao. Kuongea kukazuiwa, watu wakawa wanawasiliana kwa ishara za mikono. Usingizi ulikuwa mchache, na chakula vivyo hivyo. Soma orodha hiyo tena polepole, kisha uniambie uchawi una kazi gani hapo. Aliyeuza shamba hana pa kurudi. Asiyeruhusiwa kusema hawezi kujua kwamba jirani yake naye ana shaka kama yeye. Mwenye njaa na usingizi hana nguvu ya kubishana na mtu aliyeshiba. Dunia iliposhindwa kuisha tarehe 31 Desemba 1999 kama walivyoambiwa, baadhi ya waumini walianza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketezwa likiwa limejaa watu, na miili mingine ikaja kufukuliwa katika nyumba walizokuwa wakitumia viongozi. Waliokufa walikuwa mamia. Wale waliodai mali walikuwa wameshaamka wenyewe, bila kuombewa na mtu.

Shakahola, msitu wa pwani ya Kenya ambako waumini walifunga hadi kufa, ilikwenda kwa hatua zilezile. Paul Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi, alianzisha kanisa Malindi mwaka 2003. Hakuanza na kufunga hadi kufa. Mtu hukaribishwa kwanza kwa upendo ambao pengine nyumbani hakuupata. Mahubiri dhidi ya shule yalikuja baadaye, na dhidi ya hospitali, na dhidi ya vitambulisho vya serikali. Mwaka 2019 alitangaza kulifunga kanisa, na wafuasi wakaanza kumfuata msituni. Makaburi yalipofukuliwa kuanzia Aprili 2023, miili ilipita 400, mingi ya watoto. Mackenzie amekana mashtaka na mahakama itaamua. Ninachotaka msomaji akione ni mpangilio: kila kilichokatazwa kilikuwa kitu ambacho mtu angekihitaji siku akitaka kuondoka. Mtoto aliyetolewa shule hana mwalimu wa kuuliza yuko wapi. Asiye na kitambulisho hapati kazi ya maana wala nauli.

Sasa ndugu yako aliyenaswa hivyo unataka kumburuta kwa nabii wa pili. Fikiria atakachokiona yeye. Kiongozi wake amekwisha kumtabiria kwamba ndugu watatumwa na shetani kumvuta nyuma. Nanyi mnafika alfajiri na gari la kukodi, wajomba wanne, na mtu mwenye kipaza sauti. Mmetimiza unabii. Kama alikuwa na shaka kidogo moyoni, mmeizima nyinyi wenyewe kwa mikono yenu.

Hata “akifunguliwa”, amefunguliwa nini? Tabia iliyomharibu ni kumwachia mtu mmoja maamuzi ya ndoa yake, fedha yake na mwili wake kwa sababu mtu huyo anadai kusikia sauti ambayo wengine hawaisikii. Nabii wa pili anaihitaji tabia hiyohiyo ili afanye kazi yake. Atadai sadaka ya ukombozi, atapanga siku za kufunga, ataonya juu ya laana ikiwa familia itamwondoa mapema. Nimeona familia zikimaliza akiba katika mzunguko huu. Na zipo kambi za maombi ambako mtu hufungwa minyororo kwenye mti au nguzo mpaka “pepo litoke”; ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza ufungaji wa namna hiyo, wa watu wenye matatizo ya akili, katika nchi zipatazo 60. Hiyo ni jinai, hata anayefanya akiwa na Biblia au msahafu mkononi.

Wamarekani walijaribu ya kwao bila nabii. Miaka ya 1970 Ted Patrick alilipwa na wazazi kuwateka vijana kutoka madhehebu mapya, kuwafungia chumbani na kuwabishia mpaka wakane. Patrick aliishia kuhukumiwa kwa utekaji. Mwaka 1995 baraza la wazee wa mahakama katika jimbo la Washington liliamuru kijana mmoja aliyetekwa kwa njia hiyo alipwe karibu dola milioni 5.

Na asiyeamini bado atazame Mtwapa, hukohuko pwani ya Kenya. Juni 2023 watu 65 waliookolewa Shakahola walikataa chakula wakiwa katika kituo cha uokoaji, na walifikishwa mahakamani kwa jaribio la kujiua. Walikuwa wametolewa msituni tayari. Mwili ulitoka, ahadi waliyoiweka ya kufunga ikabaki palepale.

Swali la kuuliza ni jingine: nini hutokea mtu akisema hapana? Uliza hivyo kwa kanisa, darsa, kikundi cha maombi cha WhatsApp, mganga, chochote. Kwenye jumuiya yenye afya, mtu akikataa kutoa fedha, akienda hospitali, akikosa mkesha, akiuliza hesabu, watu watasikitika kidogo na maisha yataendelea. Kwenye jumuiya mbovu atatangazwa madhabahuni, atatengwa, atatishiwa kifo cha mwanawe. Kufunga si dalili, kelele si dalili, umaskini wa jengo si dalili. Adhabu ya kukataa ndiyo dalili.

Ikiwa ndugu yako yumo, endelea kumpigia simu hata kama anajibu kwa maandiko tu. Usimtukane kiongozi wake. Muulize habari za mguu, za mtoto, za kulala. Mwambie chumba chake kipo na hutamuuliza kitu. Usimpe fedha taslimu, zitaishia kwa kiongozi. Mlipie dawa au nauli moja kwa moja. Mtafute aliyetoka kundi lilelile, maana huyo anasikika kuliko mimi. Ikiwa ni wewe uliyemo, usitangaze kwamba unaondoka na usikubali kikao cha kuaga. Toa kwanza kitambulisho, vyeti na kadi ya kliniki ya mtoto, ukavihifadhi kwa mtu wa nje. Usisaini chochote kuhusu ardhi. Ondoka mchana. Miezi ya kwanza utaogopa laana na utawakosa watu wale. Hofu hiyo hupungua, na mshauri nasaha husaidia. Imani yako unaweza kubaki nayo, wala usikimbilie kujiunga na kundi jingine mwaka huohuo.

Jambo moja la kitabibu, kwa sababu linaua: aliyefunga siku nyingi asipewe sahani ya ugali na nyama kwa furaha ya kumwona. Chakula kingi cha ghafla huvuruga madini ya damu, na moyo unaweza kusimama. Apelekwe hospitali, alishwe kidogokidogo chini ya uangalizi.

Na kama ndani kuna mtoto asiyelishwa, asiyepelekwa shule au anayenyimwa matibabu, haya yote ya subira hayamhusu. Subira ni kwa mtu mzima. Kwa mtoto, piga 116, Kenya au Tanzania, bila malipo, na mjulishe chifu au mwenyekiti wa mtaa leo hii.