Uandishi wa Sera ya Usalama katika Miradi ya Programu Huria: Mfano wa OpenSSL

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna sera ya usalama ya mradi wa programu huria inavyoandikwa, na ni kwa nini uandishi huo ni kazi ya mwanalugha kama ilivyo kazi ya mtaalamu wa tarakilishi. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Wapenzi wa Kiswahili wanao mfano wa karibu: Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka wa 2004 na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi, na wafasiri hawakulazimika kumpigia mtu magoti ili waruhusiwe kuugusa.

Hata hivyo, uwazi huo una utata wake. Msimbo unaosomwa na mwenye nia njema husomwa vilevile na mwizi. Mtu anapogundua mwanya katika programu, amwambie nani? Akiutangaza hadharani, wezi watauingilia kabla ya kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, kupatikana. Akinyamaza, huenda wapo wengine waliokwisha kuugundua na wanautumia kimyakimya. Sera ya usalama ni waraka mfupi unaolijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Humwelekeza mgunduzi pa kupeleka habari, na humweleza atakachotendewa baada ya kuipeleka.

Yaliyoifika OpenSSL

OpenSSL ni mkusanyiko wa misimbo ambayo programu nyingine huitumia ili mawasiliano ya mtandaoni yawe fumbo kwa asiyehusika. Kufikia mwaka wa 2014, sehemu kubwa ya seva za wavuti duniani ziliitegemea. Ajabu ni kwamba mradi wenyewe ulikuwa ukipata michango ya takribani dola 2,000 kwa mwaka, na ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiufanyia kazi kwa muda wake wote.

Kasoro iliyokuja kuitwa Heartbleed iliingia katika msimbo huo mwishoni mwa mwaka wa 2011, ikasambazwa na toleo la 1.0.1 mnamo Machi 2012. Ilihusu utaratibu ambao kwao tarakilishi mbili hujuliana hali: moja hutuma neno na kutaja urefu wake, nyingine hulirudisha neno lilelile. OpenSSL haikuuhakiki urefu uliotajwa. Ni kama mtu aweke benki shilingi moja, adai ameweka 64,000, naye karani amhesabie zote kutoka katika akiba za wateja wengine. Kwa kila ombi, seva iliweza kutoa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, na humo mlikuwa na uwezekano wa kupatikana nywila na hata funguo za siri za seva yenyewe.

Mwanya huu uligunduliwa na pande mbili zisizojuana: Neel Mehta wa Google, na wahandisi wa Codenomicon, kampuni ya Ufini. Google iliwaarifu watunzaji wa OpenSSL tarehe 1 Aprili 2014, na ikakusudiwa kiraka kitolewe tarehe 9. Lakini tarehe 7 habari ya ugunduzi wa pili iliwafikia. Watunzaji walitambua kwamba jambo lililogunduliwa mara mbili kwa muda mfupi hivyo halingekaa siri, wakatoa kiraka siku hiyohiyo. Kampuni ya Cloudflare ilikuwa imedokezewa mapema na kujikinga. Yahoo ilikuwa miongoni mwa waliopata habari pamoja na umma. Mamlaka ya Mapato ya Kanada ilifunga huduma zake za mtandaoni tarehe 8, na baadaye ikatangaza kwamba nambari za bima ya jamii za watu wapatao 900 zilikuwa zimeibwa katika muda wa saa 6.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Malalamiko mengi yaliyofuata hayakuhusu kasoro peke yake. Yalihusu pia nani alidokezewa, na kwa kigezo gani. Swali hilo halikuwa na jibu lililoandikwa.

Mnamo Septemba 2014, OpenSSL ilichapisha sera yake ya usalama. Sera hiyo iliyagawa matatizo katika ngazi za uzito: la chini, la wastani na la juu, ngazi ya hatari kuu iliongezwa mwaka wa 2015. Tatizo la ngazi ya juu lingewekwa siri, na lengo likawa siri hiyo isizidi mwezi mmoja pale ambapo jambo limo mikononi mwa mradi. Sera ilieleza pia ni mashirika ya aina gani yangeweza kuarifiwa mapema, huku ikikiri kwamba kila anayeongezwa katika orodha huongeza uwezekano wa siri kuvuja. Tarehe 25 Oktoba 2022, utaratibu wa namna hiyo ulionekana ukifanya kazi: mradi ulitangaza kwamba toleo la 3.0.7 lingetoka tarehe 1 Novemba likiwa na kiraka cha tatizo la hatari kuu, bila kutoboa ni tatizo gani. Lilipotoka, uzito ulikuwa umeshushwa hadi ngazi ya juu. Wapo waliolalamika kwamba walitiwa hofu ya bure. Lakini walikuwa wamepata juma zima la kujiandaa.

Lugha ya ahadi

Mwandishi wa sera ya namna hii kwa Kiswahili hana budi kuwa mwangalifu na vitenzi. Tuseme ameandika, "Ripoti hujibiwa baada ya siku tatu." Sentensi hii ni sanifu, lakini ina kasoro tatu. Kiambishi hu- chaeleza mazoea, wala hakimfungi mtu. Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Nayo "baada ya siku tatu" yaweza kumaanisha siku ya nne au mwaka ujao. "Watunzaji watamjibu mtoa ripoti kabla ya siku tatu kwisha" ni ahadi ambayo mtu anaweza kuidai. Ikiwa watunzaji ni watu wa kujitolea wasioweza kuitimiza, basi ni heri waandike siku kumi na nne. Muda mrefu unaotimizwa humtuliza mgunduzi. Ule mfupi unaovunjwa humsukuma kutangaza alichokiona.

Istilahi nazo zahitaji kutofautishwa. "Hitilafu" yafaa iwe kosa lolote la programu, nao "mwanya" uwe ile hitilafu ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuingilia. Maneno haya yakichanganywa, anwani ya siri itafurika malalamiko ya vitufe visivyobonyezeka. Sera itaje pia matoleo yanayoendelea kutiwa viraka, OpenSSL 1.1.1, kwa mfano, iliacha kuhudumiwa bila malipo mnamo Septemba 2023. Tena iseme waziwazi kwamba mgunduzi aliyefuata utaratibu hatashtakiwa na mradi, na kwamba jina lake litatajwa akitaka.

Kwa desturi, waraka huu huwekwa katika faili liitwalo SECURITY.md, mahali pa kuonekana mara tu mtu afunguapo hazina ya msimbo. Anwani ya baruapepe iliyomo isiwe ya mtu mmoja, kwani mtu huugua, huhama na huchoka. Yafaa pia ijaribiwe kila baada ya miezi michache, mtu wa nje akitumwa kuandika ujumbe na kuhesabu siku hadi apate jibu.