Barua pepe za kughushi: Jinsi mtandao ulivyojifunza kumhoji mtumaji

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anayeagiza mzigo nje ya nchi anaweza kufungua kompyuta asubuhi na kukuta barua pepe yenye jina, nembo na anwani ya kampuni aliyozoea kununua kwake, ikimweleza kuwa akaunti ya benki imebadilika na kwamba fedha zilizosalia zipelekwe katika akaunti mpya.

Anwani ameikagua herufi kwa herufi na haina kasoro. Analipa. Wiki mbili baadaye kampuni hiyo inauliza malipo yako wapi, na inaapa kuwa haikuandika barua yoyote ya namna hiyo.

Ulaghai wa aina hii umekuwa biashara kubwa duniani. Kwa mwaka 2023 pekee, Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea malalamiko yenye hasara inayozidi dola bilioni 2.9 za Marekani, iliyotokana na barua pepe za kibiashara zilizoghushiwa au kuingiliwa.

Swali ambalo waathirika wengi hujiuliza ni moja: iliwezekanaje mtu atumie anwani isiyo yake bila hata kuwa na nenosiri la mwenyewe? Jibu lake linashangaza kwa wepesi wake. Barua pepe, kwa jinsi ilivyobuniwa, haikuwa na utaratibu wowote wa kumtaka mtumaji athibitishe kuwa ndiye.

Utaratibu unaosafirisha barua pepe kutoka seva moja hadi nyingine, unaojulikana kwa kifupi kama SMTP, uliandikwa na Mmarekani Jonathan Postel mwaka 1982. Wakati huo mtandao ulikuwa ukitumiwa na watafiti wa vyuo vikuu, maofisa wa jeshi na makampuni machache, watu ambao wengi wao walifahamiana kwa majina. Hakuna aliyeona sababu ya kumwekea mlinzi mgeni ambaye hajafika.

Mfano mzuri ni posta. Mtu anaweza kuandika nyuma ya bahasha kuwa barua imetoka Ikulu, akaitumbukiza katika sanduku la Kijitonyama, na tarishi akaifikisha bila kuuliza. SMTP hufanya vivyo hivyo, tena kwa kuongeza utata mwingine: kuna anwani ya mtumaji iliyo juu ya bahasha, ambayo seva huzungumza zenyewe kwa zenyewe, na kuna anwani ya mtumaji iliyo ndani ya barua, ambayo ndiyo msomaji huiona kwenye kioo chake. Anwani hizo mbili hazilazimiki kufanana, na zote mbili huandikwa na mtumaji kama apendavyo.

Barua taka yenyewe ni kongwe kuliko SMTP. Mei 3, 1978, ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, Gary Thuerk, alituma tangazo la mashine mpya kwa watu wapatao 400 waliokuwa katika mtandao wa ARPANET, na wengi wao wakalalamika. Huyo lakini hakuficha jina lake. Walioficha walikuja baadaye, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 masanduku ya barua yalikuwa yamejaa matangazo ya dawa, mikopo na urithi wa mamilioni ya dola kutoka kwa watu wasiojulikana.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki waliokuwa wakilipia intaneti kwa dakika katika vibanda vya mjini, barua hizo hazikuwa kero tu. Zilikuwa gharama, kwa sababu muda wa kuzifuta ulilipiwa kama muda mwingine wowote.

Januari 2004, mwasisi wa Microsoft, Bill Gates, aliwaambia waliohudhuria mkutano wa Davos kuwa tatizo la barua taka lingekuwa limekwisha katika muda wa miaka miwili. Utabiri huo haukutimia, ingawa njia aliyokuwa akiielekeza, ya kumtambua mtumaji, ndiyo iliyofuatwa.

Kabla ya hapo, ulinzi ulitegemea zaidi kuchuja maneno yaliyomo ndani ya barua. Programu zilihesabu ni mara ngapi barua imetaja dawa fulani au neno "bure", kisha zikaamua. Walaghai nao wakaanza kukosea tahajia makusudi.

Wengine walijaribu kumhoji mtumaji moja kwa moja. Mtu akikuandikia kwa mara ya kwanza, barua yake ilizuiwa na yeye akatumiwa ujumbe wa kumtaka athibitishe kuwa ni binadamu. Kampuni ya EarthLink ya Marekani iliwapa wateja wake huduma hiyo mwaka 2003. Kasoro yake ni kwamba anwani za barua taka ni za kughushi, kwa hiyo maswali hayo yalikwenda kwa watu wasiohusika, ambao nao walijikuta wakipokea takataka za aina mpya. Isitoshe, tiketi ya ndege inayotumwa na kompyuta haiwezi kujibu swali.

Njia iliyodumu ilianza na wazo kwamba mwenye jina la kikoa, yaani lile linalofuata alama ya @, atangaze hadharani ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake. Tangazo hilo huwekwa katika DNS, mfumo unaofanya kazi kama daftari la simu la intaneti nzima. Mawazo kadhaa ya namna hiyo yaliunganishwa mwaka 2003 na Meng Weng Wong na wenzake kuwa mpango mmoja unaoitwa SPF.

Seva inayopokea barua huangalia imetoka katika mashine yenye namba gani, kisha hulifungua daftari na kusoma orodha ya mwenye kikoa. Namba ikikosekana, barua inatiliwa shaka au inakataliwa kabisa, kutegemea mwenye kikoa ameagiza nini.

SPF ni rahisi, na urahisi huo una bei yake. Hukagua anwani iliyo juu ya bahasha tu, wala haigusi ile anayoiona msomaji. Aidha, barua ikielekezwa upya kutoka sanduku moja hadi jingine, hufika ikiwa imebebwa na seva isiyo katika orodha, na barua halali inaonekana ya kughushi. Kuna pia sharti ambalo mafundi wengi hulisahau: ukaguzi mmoja hauruhusiwi kurejea katika DNS zaidi ya mara 10, hivyo kampuni inayorundika watoa huduma wengi katika tangazo lake huweza kuliharibu bila kujua.

Mwaka huo wa 2004 ulikuwa na nafasi ya kupata kanuni moja kwa dunia nzima, na nafasi hiyo ikapotea kwa ugomvi wa hakimiliki. Microsoft ilileta mpango wake, ukaunganishwa na SPF na kupewa jina la Sender ID. Lakini kampuni hiyo ilikuwa imeombea hataza sehemu ya mpango huo, na masharti ya leseni yake yalikataliwa na taasisi ya Apache na waandaaji wa mfumo wa Debian, ambao programu zao hutolewa bure. Septemba 2004, kikosi kazi kilichokuwa kikiandaa kanuni hiyo kilivunjwa. Kila upande ukaendelea na lake, na walaghai hawakuwa na sababu ya kusikitika.

Yahoo nayo ilikuwa na njia tofauti, ambayo iliunganishwa na ya kampuni ya Cisco na kuwa kanuni ya DKIM mwaka 2007. Hapa haikaguliwi njia iliyopitiwa na barua bali barua yenyewe. Seva ya mtumaji huitia saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi wa kuihakiki saini hiyo huwekwa katika DNS ili yeyote autumie. Tarakimu moja ya akaunti ya benki ikibadilishwa njiani katika barua iliyosainiwa yote, saini inavunjika.

Nguvu ya saini hiyo hutegemea urefu wa ufunguo, jambo lililodhihirika kwa namna ya kuchekesha. Desemba 2011, mtaalamu mmoja wa hisabati wa Florida, Marekani, alipokea barua kutoka Google ikimuuliza kama angependa kazi. Akaitilia shaka, akaikagua, akagundua kuwa Google ilikuwa ikitumia ufunguo wa biti 512, wakati kanuni ilitaka usipungue biti 1,024.

Alidhani ni mtihani wa usaili. Akauvunja ufunguo huo na kuwatumia waasisi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, barua iliyoonekana kana kwamba mmoja amemwandikia mwenzake. Hakujibiwa, lakini siku mbili baadaye ufunguo wa Google ulikuwa umebadilishwa na kuwa wa biti 2,048. Habari hizo zilipochapishwa Oktoba 2012 alieleza kuwa ufunguo wa biti 512 ungeweza kuvunjwa kwa saa 72 hivi kwa kukodi kompyuta za takriban dola 75.

Bado palikuwa na pengo. SPF ilihakiki bahasha na DKIM ikahakiki saini, lakini hakuna kati yake iliyodai kuwa kilichohakikiwa kifanane na jina analoliona msomaji. Tapeli aliweza kununua kikoa chake mwenyewe, akakiwekea SPF na DKIM vizuri kabisa, kisha ndani ya barua akaandika jina la benki.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na DMARC, mpango uliotangazwa Januari 2012 na makampuni yakiwamo Google, Microsoft, Yahoo, PayPal na Facebook. DMARC hutaka kikoa kilichopita ukaguzi wa SPF au DKIM kilingane na kile kilicho katika anwani inayoonekana. Mwenye kikoa huchagua moja kati ya amri tatu kwa barua zinazofeli: ziachwe zipite, zipelekwe katika folda ya barua taka, au zikataliwe mlangoni. Vilevile seva za dunia nzima humtumia taarifa za nani anatumia jina lake. Makampuni mengi hushtuka yanaposoma taarifa hizo kwa mara ya kwanza.

Amri ya tatu ni kali, na Yahoo ilionja ukali wake Aprili 2014. Baada ya matapeli kutumia majina ya wateja wake kuwalaghai jamaa na marafiki, iliagiza barua zote zilizofeli zikataliwe. Papo hapo barua za vikundi zikaanza kukwama duniani kote, kwa kuwa kompyuta za vikundi hupokea barua ya mwanachama, huongeza maneno chini yake na kuisambaza upya, na hapo SPF na DKIM zote hufeli. Lawama zilikuwa nyingi, lakini Yahoo haikurudi nyuma, na AOL ikaiga mwezi huohuo.

Kwa miaka kumi iliyofuata hatua hizi zilibaki hiari kwa wengi. Serikali ya Marekani iliziagiza taasisi zake za kiraia zitumie DMARC mwezi Oktoba 2017, lakini makampuni madogo hayakuona haraka.

Hali ilibadilika Februari 2024, Google na Yahoo zilipoanza kumtaka kila anayetuma barua nyingi, ambaye kwa Google ni anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa watumiaji wa Gmail, awe na SPF, DKIM na DMARC. Hata mtumaji mdogo alitakiwa kuwa na angalau SPF au DKIM. Microsoft ikafuata Mei 2025 kwa watumaji wakubwa wanaoandikia anwani za Outlook.com. Google ilieleza baadaye kuwa barua zisizohakikiwa zinazotumwa kwa watumiaji wa Gmail zilipungua kwa asilimia 65.

Sharti hilo linafika hadi Dar es Salaam na Nairobi. Shule, hospitali au wakala wa forodha mwenye kikoa cha .co.tz au .co.ke na seva iliyofungwa zamani bila SPF wala DKIM huweza kukuta ankara zake halali zikirudishwa au zikiangukia katika folda ya taka, wakati wateja wake wengi hutumia Gmail.

Sheria nazo zipo. Marekani ilipiga marufuku maelezo ya uongo kuhusu mtumaji wa barua za matangazo kwa sheria iliyosainiwa Desemba 2003, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza, katika kifungu cha 20, kughushi maelezo ya utambulisho katika ujumbe usioombwa unaotumwa kwa nia ya kutenda kosa. Ugumu ni kumpata wa kumshitaki.

Ifahamike pia kuwa kuhakikiwa si sawa na kuaminika. DMARC huthibitisha kuwa barua imetoka katika kikoa kinachotajwa. Haisemi kama mwenye kikoa ni mwema. Mtu anayesajili kikoa chenye herufi moja tu ya tofauti na cha kampuni halisi atapita ukaguzi wote mitatu bila kipingamizi. Vivyo hivyo aliyeiba nenosiri la mhasibu na kuandika kutoka katika sanduku lake halisi. Katika matukio hayo, simu kwa namba iliyo katika mkataba wa zamani, si ile iliyo ndani ya barua, bado ndiyo kinga.

Simu za mkononi zimeongeza tatizo, kwani programu nyingi huonyesha jina la mtumaji tu na kuificha anwani hadi msomaji aibonyeze.

Anayetaka kukagua barua yenye shaka katika Gmail anaweza kuifungua kwenye kompyuta, akabonyeza nukta tatu zilizo upande wa kulia na kuchagua kuona barua halisi. Juu ya ukurasa unaofunguka, mbele ya maneno SPF, DKIM na DMARC, ataona neno PASS kwa ukaguzi uliofaulu au FAIL kwa uliofeli. Mwenye kampuni anayejituma mwenyewe barua ya majaribio na asilione kabisa neno DMARC katika ukurasa huo ajue kuwa kikoa chake hakina tangazo hilo, na kwamba fundi wake anaweza kuliweka katika DNS kwa mstari mmoja wa maandishi, mradi kwanza ahakikishe SPF na DKIM zinafanya kazi.