Ofisa mikopo naye ana mtihani wake

MKULIMA wa alizeti mkoani Singida hupanda kuanzia Desemba na kuvuna kuanzia Mei. Akikopa benki na kupangiwa marejesho ya kila mwezi kuanzia Januari, fedha atazitoa wapi wakati mbegu ndiyo kwanza iko ardhini? Atauza mbuzi, au atauza alizeti ikiwa bado shambani kwa bei ya mlanguzi. Akikwama hapo, nyumba aliyoweka rehani inakwenda mnadani.

Ratiba hiyo huandaliwa na ofisa mikopo, na mengi hutegemea alivyofundishwa kazi.

Nchini Tanzania, chombo cha taaluma cha watu hao ni Taasisi ya Wanataaluma wa Kibenki, TIOB, iliyoanzishwa mwaka 1993. Kabla ya hapo, tangu benki zilipotaifishwa Februari 1967, shughuli nyingi zilikuwa mikononi mwa NBC, na mfanyakazi alijifunza kazi humo humo. Sheria ya mwaka 1991 ilipofungua milango kwa benki binafsi, kukawa na haja ya kipimo kimoja kwa wafanyakazi wa benki tofauti. TIOB hutahini, na anayefaulu hupata cheti kijulikanacho kwa kifupi kama CPB.

Wengi huchanganya vyombo. TIOB inahusu taaluma ya mabenka, TBA ni umoja wa benki zenyewe, na Benki Kuu (BoT) ndiyo hutoa leseni na kusimamia. Hivyo aliyekatwa fedha asizozielewa asipoteze nauli kwenda TIOB. Aanze na benki yake, kwa maandishi, abaki na nakala. Asiporidhika aende BoT, ambayo kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zilitolewa mwaka 2019.

Cheti nacho hakileti mvua, na wapo mabenka wanaosoma mizania vizuri lakini hawajui mtama huvunwa lini. Ofisa anayeijua kazi huuliza: ekari ngapi, unavuna lini, unamwuzia nani, mvua ikikatika utalipa kwa nini? Anayetaka hati ya nyumba tu, bila swali hata moja kuhusu shamba, amepima nyumba, hajapima mkopo.

Mkopaji naye aulize kabla ya kusaini. Je, marejesho yanaweza kuanza baada ya mavuno? Na kwa mwenye duka anayelipa kila mwezi, riba inahesabiwa kwa mkopo wote au kwa salio linalopungua? Mkopo wa Sh1,000,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 20, huzaa riba ya Sh200,000 ukihesabiwa kwa njia ya kwanza, na karibu Sh110,000 kwa ya pili. Ofisa aliyefaulu mtihani wake anapaswa kuikokotoa hesabu hiyo mbele ya mteja, kwa kalamu na karatasi.