Kibao cha Mtaa wa Sackville

Nje ya shule ya Inglenook, Mtaa wa Sackville hapa Toronto, kuna kibao cha kumbukumbu ya Thornton na Lucie Blackburn. Mume na mke hawa walitoroka utumwani Kentucky mwaka 1831. Kufikia 1837 Thornton alikuwa ameanzisha teksi ya kwanza mjini: gari la farasi, jekundu na manjano. Wote wawili hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo hawakuacha barua. Walisahaulika hadi 1985, wanaakiolojia walipofukua mabaki ya nyumba yao uani mwa shule. Wanachama wenzangu, tunapotafiti historia ya watu wetu, tusiishie maktabani. Wengi wao hawakuandika chochote, lakini walijenga.