Duara Lililosimama Jana

Mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama akiulizwa anajuaje kuwa duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, ni salama, atakwambia wamelichimba mwaka mzima na halijawahi kubomoka. Jibu hilo linahesabu siku ambazo ardhi imevumilia. Hali ya ardhi hiyo leo halijaigusa. Udongo wa juu na mwamba uliooza hunywa maji taratibu kupitia nyufa, ukaongezeka uzito huku mshikano wake ukilegea, kwa hiyo ukuta waweza kuhimili mvua yenyewe ukaporomoka jua likiwa limeshawaka. Januari 2024 watu 22 walifukiwa wakafa Ng'alita, Bariadi, katika eneo lililokuwa limezuiwa kuchimbwa kwa sababu ya mvua.

Basi tungoje kiangazi? Nyandolwa, Shinyanga, watu 25 walinasa chini ya ardhi mwezi Agosti 2025, na Agosti huku ni vumbi tupu. Mgodi hubadilika kwa kuchimbwa kwenyewe: nguzo ya mwamba ikimegwa kwa tamaa ya mkanda wa dhahabu, mzigo wake huhamia nguzo za jirani, na matimba, yaani magogo ya kuegemeza kuta, nayo huoza au kuliwa na mchwa. Kwa hiyo ukaguzi ni wa kila asubuhi, na uanzie juu. Tafuta nyufa zinazofuata ukingo wa duara; pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kwa futi kamba. Kifusi kilichorundikwa mdomoni kiondolewe. Chini, simama chini ya dari uliyokwisha kuikagua ndipo ugonge ile ya mbele kwa mtaimbo: mwamba ulioshikana hutoa mlio mkali, ulioachana huitika kama ngoma.

Wazoefu watasema mtaimbo hudanganya, na ni kweli. Tatizo kama hilo lipo kwenye maporomoko ya theluji: wapanda milima wa Uswisi huchimba kishimo kwenye theluji kutafuta tabaka dhaifu lililojificha, lakini wanajua hatua chache mbele mambo yaweza kuwa mengine. Ndiyo maana dalili moja ya hatari inatosha kuwarudisha, wakati dalili moja nzuri haiwaruhusu kupita. Kanuni hiyo ingefaa sana kwenye maduara yetu: ufa uliopanuka usifutwe na dari iliyolia vizuri.

Pingamizi zito zaidi ni la njaa. Wachimbaji wengi hulipwa kwa mgawo wa mawe, na asiyeshuka hapati kitu. Wachimbaji watano waliookolewa kwenye mgodi wa Nyangalata mwaka 2015, baada ya siku 41 gizani na mwenzao wa sita akiwa amefariki, walikuwa ndani kutafuta riziki hiyohiyo. Kumlaumu mchimbaji kwa kushuka ni kukwepa swali la nani anagharamia siku ya kutoshuka. Kwa maoni yangu ni mwenye leseni na mwenye duara, na waanze na mkaguzi: asiwe na mgawo wowote kwenye mawe, na siku anayofunga duara alipwe posho ileile.