BETRI YA GARI LA MAARUSI

Wasomaji wenzangu, huenda mtastaajabu kuona mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, ambaye hata baiskeli hana, akiandika habari za betri ya gari la kifahari. Lakini jambo hili lilinipata katika likizo ya Desemba, nami nimeona si vema kulificha, maana ndani yake mna Fizikia, mna Kemia, tena mna fundisho.

Mjomba wangu anakaa Dar es Salaam. Ana gari moja tu, BMW ya safu ya 5 ya mwaka 2008, alilolinunua likiwa limekwisha kutumika Japani. Hulikodisha kwa maarusi siku za Jumamosi, na nauli yangu ya kuja shule pamoja na sare zangu hutoka humo.

Jumamosi moja tulikwenda kumchukua bibi arusi. Tulizima injini, tukangoja saa nzima, redio ikilia na taa za ndani zikiwaka. Bibi arusi alipokwisha kuketi, Mjomba akabonyeza kitufe cha kuwashia. Ikasikika "tik, tik", basi. Akabonyeza tena, vile vile. Bibi arusi alikwenda kanisani katika pikapu ya jirani iliyokuwa imebeba viti, naye Mjomba akarudisha fedha yote. Jioni ile hakula.

Kesho yake alikuja fundi wa umeme wa magari. Betri ya gari lile haikai mbele penye injini, bali nyuma katika buti, upande wa kulia, mbali na joto. Fundi alipofunua akakuta betri ndogo ya kawaida, ya amperi-saa 60, imefungwa kwa mpira. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeinunua miezi minane iliyopita, kwa sababu ya bei yake. Fundi akatikisa kichwa akaniambia, "Kijana, rahisi ni ghali. Lete daftari uandike."

Betri ya gari ina vyumba sita, na kila kimoja hutoa volti 2.1 hivi. Ndani mna vibamba vya risasi na vya oksidi ya risasi, navyo vimo katika tindikali ya salfa. Aliyeibuni ni Gaston Planté wa Ufaransa, mwaka 1859. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, huonyesha volti 12.6 hadi 12.8. Ya Mjomba ilionyesha 11.7; yaani ilikuwa tupu.

Katika kuchagua betri yapasa kutazama mambo manne.

Kwanza, aina. Gari lile lilitengenezewa betri iitwayo AGM, ambayo tindikali yake haichezi kama maji, bali imenywewa na kitambaa cha nyuzi za kioo. Hustahimili kutumiwa na kujazwa mara nyingi kuliko ile ya kawaida.

Pili, kiasi cha umeme inachoweka akiba, yaani amperi-saa. Gari la kifahari halilali kabisa; king'ora na kompyuta zake huendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Tufanye hesabu: likinywa amperi 0.05 tu, kwa siku moja ni amperi-saa 1.2, na kwa juma ni 8.4. Gari la Mjomba husimama juma zima, na Jumamosi hutembea polepole mwendo mfupi. Hivyo lilitoa kila siku, na lililorudisha halikutosha. Betri iliyolifaa ni ya amperi-saa 90.

Tatu, nguvu ya kuwashia, iliyoandikwa kwa amperi. Hiyo hupimwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwetu pwani adui si baridi bali joto, ambalo hula vibamba upesi.

Nne, vipimo na tarehe. Betri yapasa kuenea kitako chake na kukazwa kwa chuma chake, kwani mtikisiko huvunja vibamba. Tena ile iliyokaa dukani muda mrefu imekwisha kuanza kuzeeka.

Mjomba aliposikia bei akataka kurudia ile ya rahisi. Nikamwonyesha daftari nikasema, "Shikamoo Mjomba, uniwie radhi. Tofauti ya bei ni sawa na kodi ya maarusi wawili. Mmoja tumekwisha kumpoteza." Alinyamaza kitambo, kisha akatoa fedha.

Kubadilisha kwenyewe kulikuwa hivi. Fundi alizima kila kitu, akaacha buti wazi, akangoja kompyuta zilale. Alifungua waya wa hasi kwanza, kwa kuwa bodi yote ya gari imeungwa na hasi. Ungeanza na chanya, na spana ikagusa bodi, cheche kubwa ingeruka na kukuunguza. Katika kufunga alianza na chanya, akamaliza na hasi. Akarudisha pia mpira mwembamba unaotoa hewa ya betri nje, kwani betri ikijazwa huweza kutoa haidrojeni, nayo ndani ya buti ni hatari.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe bado. Juu ya waya wa hasi kuna kipimo kidogo kinachoiarifu kompyuta hali ya betri. Kompyuta hukumbuka umri wa betri, na kadiri inavyozeeka hubadili namna ya kuijaza. Usipoiambia kwamba umeweka mpya, huijaza hiyo mpya kama ile kuukuu, na kuiharibu kabla ya wakati wake. Fundi akaunganisha mashine ya kupimia gari, akaisajili betri. Hili nalo hatukulifanya mara ya kwanza.

Betri kuukuu hatukuitupa. Risasi ni sumu; wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa sumu iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri. Tuliirudisha kwa muuzaji, apate kuipeleka panapostahili.

Jumamosi iliyofuata gari liliwaka mara moja, nami nilikaa mbele nimevaa shati jeupe. Tangu siku hiyo Mjomba huliendesha kila Jumatano mwendo mrefu, betri ipate kujaa.

Ndugu zangu, kitu kuenea mahali pake si kusema kwamba kinafaa. Uliza kwanza gari linataka nini, ndipo uulize bei.